Mkanda, dopla na kiganja: mwongozo kamili wa kufuatilia mimba kwa vihisi na kuutambua uchungu wa mapema

Usiku mmoja wodini nilimkuta mama wa wiki 31 amelala chali, mkanda wa mashine umefungwa tumboni, karatasi inatoka na mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Kwa mujibu wa mashine, tumbo lilikuwa limetulia. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kitanda, na kila baada ya dakika chache vidole vilikaza kwa nguvu, kisha vikalegea. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake, upande wa karibu na mbavu. Lilikuwa gumu. Kihisi kilikuwa kimefungwa chini ya kitovu. Nikakipandisha vidole vinne juu ya kitovu, nikaukaza mkanda kidogo, na ndani ya robo saa mashine ikachora vilima vitatu.

Tangu usiku ule, kila anayeniuliza kuhusu vifaa hivi namwambia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kihisi kinaweza kukuwahisha hospitali, lakini hakina ruhusa ya kukuzuia nyumbani. Mwili ukisema nenda na mashine ikasema kaa, nenda. Mengine yote katika mwongozo huu yamejengwa juu ya hapo.

Anza na wiki zako

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti. Mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4 duniani, karibu mmoja kwa kila watoto kumi. Wengi wao walizaliwa kati ya wiki 32 na 37 na wanaweza kuishi vizuri wakipata joto, maziwa na uangalizi. Wanaozaliwa kabla ya wiki 28 ndio wenye safari ngumu kuliko wote.

Kihisi hakijui wiki zako, unazijua wewe. Tumbo linalokaza kila dakika kumi katika wiki ya 39 ni habari njema. Katika wiki ya 29 ni dharura. Kwa hiyo fanya ultrasaundi mapema, kabla ya wiki 24, kwa maana baada ya hapo makadirio ya umri wa mimba huyumba. Tarehe ya makisio ya kujifungua iandike kwenye kadi ya kliniki na pia ndani ya simu, na mtu mmoja wa nyumbani aijue kwa kichwa.

Halafu jiulize kama uko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Umewahi kuzaa njiti? Una mapacha? Uliambiwa mlango wa kizazi ni mfupi, yaani chini ya milimita 25 kwa kipimo cha ultrasaundi ya ukeni? Una presha, umepata malaria au maambukizi ya njia ya mkojo? Ulishika mimba hii miezi michache tu baada ya ile iliyopita? Jibu la ndiyo kwa mojawapo ni la kumwambia mkunga kwa sauti, usisubiri aulize. Mlango wa kizazi uliofupika una tiba ya kuzuia, ama dawa ya projesteroni ama kushonwa, na tiba hizo huanza wiki nyingi kabla ya uchungu. Mkanda wa tumboni hauwezi kuuona mlango wa kizazi.

Kihisi cha kwanza ni kiganja chako

Kabla ya kununua chochote, jifunze hiki. Kwanza, nenda haja ndogo, kunywa maji, kisha lala kwa ubavu wa kushoto na mto mgongoni. Kibofu kilichojaa na mwili uliokaukiwa maji vyote hulichokoza tumbo.

Weka kiganja chote, vidole vimelegea, sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa uzazi. Usibonyeze kwa ncha za vidole, tulia tu. Mkazo ukija utausikia ukianzia juu na kuenea: tumbo linajikusanya, linainuka kidogo, linakuwa gumu pande zote, halafu linalegea. Mtoto akijigeuza, ugumu hukaa upande mmoja tu. Sisi wakunga hulinganisha na uso: ugumu wa ncha ya pua ni mkazo mwepesi, wa kidevu ni wa kati, na wa paji la uso ni mkali. Jiguse sasa hivi uone tofauti.

Andika saa mkazo ulipoanza na saa ulipoisha. Endelea kwa saa nzima. Umbali kati ya mikazo huhesabiwa kutoka mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuhesabu kutoka mwisho wa ule wa kwanza.

Mikazo isiyo na mpangilio, inayoacha ukibadili mkao au ukinywa maji, ni ya kawaida katika miezi ya mwisho. Hiyo ndiyo tunaita uchungu wa uongo. Ila nakuomba usikubali kuambiwa na jirani kwamba ni chango tu, ukapewa kikombe cha dawa na kulazwa ndani. Nimepokea akina mama waliofika mlango umeshafunguka wote baada ya siku nzima ya kutibiwa chango.

Vifaa vyenyewe na kile vinachopima

Kifaa cha zamani na kinachopatikana zaidi hospitalini ni toko: kidude cha duara chenye kitufe katikati, kinachofungwa kwa mkanda. Tumbo likikaza husukuma kitufe, na msukumo hugeuzwa kuwa umeme na kuchorwa kama kilima. Toko husema mkazo umekuja saa ngapi na umedumu kwa muda gani. Nguvu yake haikuambii. Namba 70 kwenye skrini kwa mama mwembamba na namba 30 kwa mama mnene zinaweza kuwa mkazo uleule, maana namba hiyo hutegemea unene wa mafuta, mahali kihisi kilipo na jinsi mkanda ulivyokazwa. Nguvu halisi hupimwa kwa mrija unaopitishwa ndani ya mfuko wa uzazi baada ya chupa kupasuka. Njia ya kupima kwa mrija iliendelezwa na madaktari wa Uruguay, Roberto Caldeyro-Barcia na Hermógenes Álvarez, na hadi leo nguvu ya uchungu huhesabiwa kwa kizio kilichopewa jina la mji wao, Montevideo. Kwa mama tunayetaka mimba yake iendelee, mrija huo haumhusu.

Aina ya pili ni vibandiko vya umeme. Msuli wa mfuko wa uzazi, kama msuli wa moyo, hutoa umeme mdogo kabla ya kujikaza, na vibandiko vilivyo juu ya ngozi huusikiliza. Faida yake kubwa ni kwa akina mama wanene, ambao toko huwapotezea mikazo mingi. Vingine husikiliza pia umeme wa moyo wa mtoto, ila kati ya wiki 28 na 32 hivi sauti hiyo hufifia, kwa sababu ule utando mweupe kama siagi unaomfunika mtoto huzuia umeme usipite. Ndiyo maana vifaa vingi vya namna hiyo huruhusiwa kwa mimba zilizokomaa tu, na mama mwenye wasiwasi wa wiki ya 29 hajatengenezewa.

Vipo sasa vihisi laini visivyo na waya, vinavyonatishwa kifuani, tumboni na kidoleni na kutuma taarifa kwenye kishikwambi. Watafiti wa Northwestern University ya Marekani walitoa matokeo ya vihisi hivyo mwaka 2021, baada ya kuvijaribu nchini kwao na pia kwa wajawazito wa Lusaka, Zambia. Naufurahia mwelekeo huo. Mama anayeweza kutembea na kujigeuza huku anapimwa huumia kidogo kuliko aliyefungwa nyaya kitandani.

Somo la Marekani la miaka ya 1980

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayekuuzia kifaa hatakusimulia.

Katika miaka ya 1980 akina mama wengi wa Marekani waliokuwa hatarini kuzaa njiti walipewa toko za nyumbani. Walijifunga mkanda kila siku, kisha wakatuma mchoro kwa nesi kupitia waya wa simu. Ilionekana ni busara tupu: ukiiona mikazo mapema, utauzuia uchungu mapema. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 2,422 waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza walizungumza na nesi mara moja kwa wiki, la pili kila siku, na la tatu kila siku pamoja na mkanda. Waliozaa kabla ya wiki 35 walikuwa karibu sawa katika makundi yote.

Mwaka 2002 utafiti mwingine wa wanawake 306 ulieleza sababu. Ni kweli waliozaa mapema walikuwa na mikazo mingi kidogo, lakini hakukuwa na idadi yoyote iliyoweza kumtenganisha atakayezaa mapema na asiyezaa mapema. Wenye mikazo mingi walibeba mimba hadi mwisho, na wenye mikazo michache walizaa njiti. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa mikazo huongezeka kuanzia saa 10 jioni hadi saa 10 alfajiri, jambo ambalo kila mjamzito angeweza kuwaambia.

Sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. Uchungu wa kweli ni mikazo pamoja na mlango wa kizazi kubadilika. Kihisi cha tumboni huona nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili huonwa na mkunga au daktari kwa kipimo.

Kwa hiyo mama asiye na hatari yoyote, fedha ya kifaa cha mikazo iweke kwenye akiba ya usafiri. Aliye hatarini na anayefuatiliwa na daktari anayejua kuusoma mchoro anaweza kufaidika nacho, akikitumia kama daftari la kumbukumbu na si kama hakimu.

Kama umeamua kununua

Uliza kimesajiliwa wapi. Tanzania, vifaa tiba husajiliwa na TMDA; Kenya, na Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza kinaruhusiwa kuanzia wiki ya ngapi, na jibu ulisome mwenyewe kwenye kijitabu, lisiwe neno la muuzaji. Uliza vibandiko vyake ni vya kutupa kila mara au vinarudiwa, maana bei ya kifaa ni moja na bei ya vibandiko vya miezi mitatu ni nyingine. Uliza kinafanya kazi bila intaneti? Betri inadumu saa ngapi? Na taarifa za mwili wako zinahifadhiwa wapi, nani anaziona?

Swali la mwisho muulize mkunga wako: nikikuletea mchoro huu, utausoma? Akisita, umeshapata jibu la kununua au kutonunua.

Kukifunga na kukitumia, hatua kwa hatua

Muda mzuri ni uleule kila siku, dakika 30 hadi 60. Nenda haja ndogo kwanza. Lala nusu kuketi, umeegemea kushoto. Ukilala chali muda mrefu, mfuko wa uzazi huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kizunguzungu, na damu ya mtoto nayo hupungua.

Tafuta kilele cha mfuko wa uzazi kwa kiganja. Kwenye wiki ya 24 kiko juu kidogo ya kitovu, na kila wiki hupanda karibu sentimita moja. Toko huwekwa hapo, chini kidogo ya kilele, pale panapokuwa pagumu zaidi tumbo likikaza. Usiipake jeli! Jeli ni ya dopla, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, peke yake. Kwenye toko hufanya kidude kiteleze na huweza kukiharibu.

Funga mkanda mpaka vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Ukilegea, hutapata kitu. Ukikaza mno, mashine itachora pumzi zako na utajiumiza bure. Kisha subiri tumbo lilegee kabisa, ndipo ubonyeze kitufe cha kurudisha kipimo kwenye mstari wa mwanzo. Ukikibonyeza katikati ya mkazo, mashine itauhesabu ugumu huo kuwa ndiyo hali ya kawaida, na mikazo yote itakayofuata itaonekana midogo.

Kwa vibandiko vya umeme, adui ni mafuta. Siku ya kupima usipake mafuta ya nazi wala losheni tumboni. Osha kwa sabuni, kausha vizuri, sugua ngozi taratibu kwa kitambaa kikavu, ndipo ubandike kwa mpangilio wa kijitabu. Ukiona mchoro umejaa vumbi la mistari, bandua na uanze upya kabla ya kuogopa.

Wakati kifaa kinarekodi, weka kiganja tumboni na karatasi pembeni. Andika: nimekohoa, mtoto kapiga teke, nimejigeuza, nimesikia mkazo. Bila karatasi hiyo mchoro ni fumbo, kwa sababu kikohozi na teke huchora miiba mirefu, na kucheka huchora safu nzima ya miiba. Mkazo una umbo lake: hupanda taratibu, hukaa juu, hushuka taratibu, kwa sekunde 30 hadi 60 au zaidi. Kwenye karatasi za hospitali zetu, ambazo kwa kawaida hutembea sentimita 1 kwa dakika, mkazo ni kilima chenye upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja au zaidi.

Moyo wa mtoto: niachie mimi kazi hii

Fetoskopu ya kusikilizia tumboni, ile iliyo kama tarumbeta ndogo, ilibuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na bado iko mikononi mwetu. Dopla hufanya kazi ileile kwa mawimbi ya sauti, na kawaida ya moyo wa mtoto ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Kuna kifaa cha dopla kinachoitwa Moyo, jina la Kiswahili kabisa, kilichofanyiwa utafiti katika hospitali za Tanzania, ikiwemo Haydom. Kinafungwa kwa mkanda mama akiwa kwenye uchungu na kumfuatilia mtoto bila mkunga kurudi na fetoskopu kila mara.

Ila dopla ya nyumbani siipendi, na mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo ilitahadharisha juu ya kuitumia bila mtaalamu. Hofu yangu kubwa ni utulivu wa uongo. Dopla hunasa pia mshipa wa mama na mvumo wa damu kwenye kondo la nyuma. Mama mwenye hofu moyo wake hukimbia mapigo 120, akaisikia sauti hiyo, akashukuru Mungu na kulala, kumbe aliyesikilizwa ni yeye mwenyewe. Hata sisi wodini tunashika mkono wa mama na kupima mapigo yake huku tunamsikiliza mtoto, tujue nani ni nani.

Kuanzia wiki ya 28 kipimo chako cha nyumbani ni mtoto kucheza. Ijue desturi ya mwanao: anacheza saa ngapi, kwa nguvu gani. Akipunguza au akibadilika, lala kwa ubavu uhesabu. Asipofikisha michezo 10 ndani ya saa mbili, nenda siku hiyohiyo. Usiache ifike kesho.

Kipimo cha presha ndicho ningenunua

Njiti wengine hawazaliwi kwa uchungu. Wanatolewa mapema kwa sababu mama ana kifafa cha mimba kinachonyemelea, na hapo hakuna mkazo wa kuonwa na toko. Kama una fedha ya kifaa kimoja tu, nunua kipimo cha presha cha mkononi, kilichothibitishwa kwa wajawazito.

Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono usawa wa moyo, mdomo umefunga. Mkanda uenee mkono wako. Mdogo mno hupandisha namba. Kuanzia 140/90 rudia baada ya muda mfupi, na ikibaki hapo nenda kliniki siku hiyo. Ikiwa 160/110 au zaidi, au kuna maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, ni dharura hata kama ni usiku. Kwa vituo vya afya, kuna kipimo cha CRADLE kutoka King's College London, kilichojaribiwa hata Kampala, kinachowasha taa ya kijani, njano au nyekundu. Mhudumu yeyote anaielewa.

Saa ya kuondoka

Kabla ya wiki 37, ondoka bila kusubiri kifaa kumaliza kurekodi ukiona lolote kati ya haya: mikazo yenye mpangilio kila dakika kumi au chini ya hapo, yaani sita au zaidi kwa saa, chupa kupasuka, hata kama maji yanachuruzika tu, damu, au ute wenye damu, maumivu ya kiuno yanayokuja na kuacha, uzito unaosukuma chini, mtoto kupunguza kucheza, homa. Tanzania piga 115 bure, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Kama gari la jirani liko karibu zaidi, panda hilo.

Haraka hiyo ina hesabu yake. Kati ya wiki 24 na 34, mama anayeelekea kuzaa mapema huweza kupewa deksamethasoni ya kuyakomaza mapafu ya mtoto: sindano nne, moja kila saa 12, hivyo ya nne huingia saa 36 baada ya ya kwanza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2020, wa wanawake 2,852 katika nchi tano, Kenya ikiwamo, ulionyesha vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 23.5 hadi 19.6 kwa kila mia. Kuna pia dawa za kuutuliza uchungu kwa muda ili sindano zifanye kazi au mama ahamishiwe penye wodi ya njiti, na salfeti ya magnesiamu ya kuukinga ubongo wa mtoto. Dawa hizi zote zinataka saa. Saa hizo ndizo kiganja, mkanda na kadi yako vinazitafuta.

Ukifika mapokezi usiseme tu "tumbo linauma", utapangwa foleni na wenye tumbo la kuhara. Shika kadi mkononi useme hivi: "Nina mimba ya wiki 30 na siku mbili. Tumbo linakaza kila dakika nane tangu saa 2 usiku. Chupa haijapasuka. Mtoto anacheza. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa njiti. Naomba nipimwe sasa." Kama simu ina mchoro, mwonyeshe mkunga baada ya maneno hayo, na umwombe aweke kiganja chake tumboni.